Kupanda na Kushuka Katika Msitu wa Nyungwe

Katika nchi ya Kenya, kama ilivyo katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, baisikeli hujulikana kwanza kuwa mtumishi. Huchukua maziwa alfajiri, huchukua mkaa na magunia ya viazi, na siku ya Jumapili humchukua mama na mtoto wake kwenda kanisani. Mwenye baisikeli afikapo penye mlima mkali hushuka, akaisukuma kwa mikono miwili hadi juu, akapumzika kidogo, kisha akapanda tena. Hapana aibu katika jambo hilo. Lakini wako watu ambao kwao kushuka chini na kusukuma ni sawa na kushindwa, nao ni wapanda baisikeli wa mashindano ya barabarani. Watu hao hutafuta milima kwa makusudi, na mlima ukiwa na msitu mnene juu yake kazi yao huzidi kuwa ngumu, kwa sababu zitakazoelezwa hapa.

Barabara moja yafaa kuangaliwa kuliko nyingine. Nayo iko Rwanda, upande wa kusini-magharibi, kutoka mji wa Huye, ambao zamani uliitwa Butare, mpaka mji wa Rusizi, ambao zamani uliitwa Cyangugu, ulio kando ya ziwa Kivu. Barabara hiyo hupita katikati ya msitu wa Nyungwe. Mashindano makubwa ya kuizunguka nchi hiyo, yaitwayo Tour du Rwanda, yalianzishwa mwaka wa 1988, na tangu mwaka wa 2009 yamo katika orodha ya mashindano yanayotambuliwa na chama cha baisikeli cha dunia nzima. Katika miaka kadha wapandaji wamepitishwa njia hiyo ya msituni. Mwaka wa 2020 siku ya Huye hadi Rusizi ilikuwa ya kilometa 142, na mshindi wake alikuwa Jhonatan Restrepo wa Kolombia, nchi ambayo nayo ina milima mirefu.

Msitu wenyewe si kichaka cha kupita kwa dakika kumi. Eneo lake ni kadiri ya kilometa 1,000 za mraba, nao umeungana na msitu wa Kibira ulioko Burundi. Kilele chake kirefu, Bigugu, kimefika meta 2,950 juu ya usawa wa bahari. Serikali ya Rwanda iliufanya kuwa mbuga ya taifa katika miaka ya 2004 na 2005, na mwaka wa 2023 shirika la UNESCO liliuandika katika urithi wa dunia. Mna sokwe ndani yake, na mbega waendao kwa makundi ya mamia, na jumla ya aina 13 za jamaa ya nyani na kima. Tembo hawamo tena. Wa mwisho aliuawa mwaka wa 1999.

Mgongo wa milima hiyo ndio unaogawanya maji ya Afrika. Tone la mvua likianguka upande wa mashariki wa barabara litaingia katika vijito viendavyo kwenye mto Naili, na mwisho wake ni Bahari ya Kati. Tone jirani yake, likianguka hatua chache kuelekea magharibi, litakwenda kwenye mto Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki. Mpanda baisikeli hana nafasi ya kuyafikiri mambo hayo, maana macho yake yameelekea gurudumu la mwenziwe aliye mbele. Lakini miguu yake hujua vema mgongo huo ulipo.

Safari huanza kwa vilima vya kawaida vya Rwanda, yaani kupanda na kushuka bila kikomo, migomba huku na huku, na watu wamejaa kando ya barabara. Hakuna nchi nyingi duniani ambamo watu hutoka kwa wingi namna hiyo kutazama baisikeli. Watoto wa shule husimama juu ya kingo za udongo, wazee huja na mikongojo, na kelele hazikomi. Baada ya mji wa Nyamagabe barabara huzidi kupanda, mpaka Kitabi, penye mashamba ya chai yaliyo kama zulia la kijani. Hapo chai hukoma ghafula, na miti huanza.

Tena kelele nazo hukoma. Ndani ya mbuga hapana vijiji, wala hapana ruhusa ya kujenga. Basi kwa mwendo wa kadiri ya kilometa 50 wapandaji huachwa peke yao pamoja na askari wachache wa njiani, motakaa za timu na pikipiki za waamuzi. Husikika minyororo ikisaga na watu wakihema. Wengine hupenda ukimya huo. Wengine huuogopa, kwa kuwa mtu aliyechoka husaidiwa sana na makelele ya watu wasiomjua, na akiyakosa huanza kusikiliza maumivu yake mwenyewe.

Sasa yafaa kueleza jinsi mlima unavyopandwa, kwa maana wengi hudhani ni nguvu tu. Penye uwanda, apandaye nyuma ya mwenziwe hukingwa na upepo, akapunguziwa robo ya kazi yake au zaidi. Ndiyo sababu kundi huenda limebanana kama kondoo mvuani. Mlimani mwendo hupungua, upepo wa kukingwa huwa mdogo, na kila mtu hubeba uzito wake mwenyewe. Hapo mtu mwenye mwili mwepesi hupata faida, na yule mwenye misuli mikubwa, aliyewashinda wote jana penye uwanda, huanza kurudi nyuma polepole, bila ya mtu kumlaumu. Mpandaji mwenye busara hubadili gia mapema, kabla miguu haijakaza, akaizungusha haraka na kwa wepesi. Asiye na busara hungoja mpaka mnyororo umekaza kama kamba ya ng'ombe, kisha hutaka kubadili, na mara nyingine mnyororo humponyoka kabisa.

Jambo la pili ni hewa. Uwinka, mahali palipo karibu na mgongo wa msitu, pako juu zaidi ya Limuru, na huko hewa aivutayo mtu ni kadiri ya robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Wageni watokao nchi za pwani huona vifua vyao vinabana kabla miguu haijachoka. Wenyeji wa nyanda za juu hawasumbuki sana. Kijana aliyezaliwa Eldoret, au Asmara, au Musanze, amekuwa akivuta hewa nyembamba tangu siku ya kwanza, na damu yake imezoea. Hiyo ni zawadi ambayo haikununuliwa, wala haiwezi kununuliwa na mtu mzima kwa majuma mawili ya mazoezi.

Kwa sababu hiyo, kwa muda mrefu wajuzi wa mchezo huu huko Ulaya walisema neno moja juu ya wapandaji wa Afrika: kwamba hupanda vizuri sana, lakini hushuka vibaya. Neno hilo liliwaudhi wengi, na katika kinywa cha mtu mwenye dharau lilikuwa tusi. Hata hivyo, lilikuwa na sehemu ya ukweli, na sehemu hiyo yafaa kuchunguzwa badala ya kuikasirikia, kwa sababu mlimani mashindano mara nyingi huamuliwa kwenye mteremko, na mteremko ndio uuao watu.

Fikiri hali ya mtu afikapo juu, hapo Nyungwe. Ametoka jasho muda wa saa mbili au tatu. Nguo zake zimelowa. Msitu huo hupata mvua nyingi, na ukungu hukaa kati ya miti hata wakati ambapo Huye kuna jua. Kila meta 100 za kwenda juu hupunguza joto kwa zaidi ya nusu ya digrii. Kisha, kwa ghafula, miguu yaacha kufanya kazi, na upepo wa kilometa 70 kwa saa wampiga kifuani. Katika dakika tano vidole hufa ganzi, na vidole ndivyo vishikavyo breki. Dawa ya zamani ya shida hiyo ilikuwa rahisi sana: kileleni mtu alipewa gazeti kuukuu, akalitandaza kifuani chini ya nguo, likazuia upepo kuliko sweta. Siku hizi ziko koti nyepesi za kukunjwa mfukoni, lakini gazeti halijasahauliwa. Basi adhaniye kwamba gazeti la juma lililopita limekwisha kazi, na awaulize wapanda baisikeli.

Barabara ya msituni ina hila zake. Chini ya kivuli lami haikauki upesi. Mvua yaweza kuwa imekwisha tangu asubuhi, na mahali pa jua pamekauka kabisa, lakini kona iliyofunikwa na miti ingali na maji, majani yaliyooza na utelezi wa kijani. Atokaye katika jua na kuingia kivulini haoni vema kwa nukta moja au mbili, na kwa mwendo wa kilometa 70 kwa saa nukta moja ni meta 19. Kadhalika kona zenyewe zimefichwa na miti, hata mtu hawezi kujua kama itaishia upesi au itazidi kujikunja. Na kima, ambao hupenda kukaa kando ya barabara, hawakuambiwa habari ya mashindano.

Kanuni ya kwanza ya kushuka ni hii: breki hufungwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Tairi jembamba lina nguvu fulani tu ya kushika barabara. Likitumiwa kwa kupinda na kwa kusimamisha wakati mmoja, nguvu hiyo haitoshi, na gurudumu huteleza. Kanuni ya pili ni ya macho. Mtu huenda atazamapo. Akilitazama shimo ataingia shimoni, akiutazama ukingo ataufuata ukingo. Mjuzi hutazama mahali ambapo kona inatokea, na baisikeli humfuata. Ya tatu ni mguu: mguu wa upande wa nje huwekwa chini na kukanyagwa kwa uzito wote, na mwili huinamishwa karibu na usukani. Tena akumbuke kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama hauzidi mara mbili tu, bali mara nne. Wako wengi wajuao kupanda baisikeli tangu utoto ambao hawajui jambo hilo la mwisho, nao wana breki moja tu inayofanya kazi.

Mambo hayo yaweza kuandikwa katika gazeti kwa robo ya safu. Mwili huyajua kwa kuyatenda, tena kwa kuyatenda katikati ya watu wengine, bega kwa bega, ambapo mtu hachagui njia aitakayo. Mtoto wa Ubelgiji au Italia mwenye kipaji huanza mashindano akiwa na umri wa miaka kumi au kumi na miwili, naye hushindana karibu kila Jumapili ya kiangazi. Afikapo miaka ishirini ameshaanguka mara nyingi, katika mwendo mdogo, akiwa na mifupa milaini, na amejifunza. Kijana wa Afrika ya Mashariki mara nyingi hupata baisikeli ya mashindano akiwa mtu mzima, na mashindano ya mwaka mzima yahesabika kwa vidole. Amepewa mapafu bure, lakini shule ya kona haikuwako kwao.

Si kwamba hajui kushuka peke yake. Watu wa milima ya Burundi wachukuao ndizi kwenda kuuza Bujumbura hushuka barabara ya Bugarama wakiwa na mikungu iliyowazidi wao wenyewe uzito, na wengi wana kiatu badala ya breki. Ushujaa wao hauwezi kukanwa. (Desturi yao ya kurudi juu kwa kushika nyuma ya lori ni jambo jingine, imekwisha kuua na kulemaza wengi, na haifai kusifiwa na mtu yeyote.) Lakini aongozaye mzigo wake peke yake anajua ujuzi mmoja, na ashukaye katika kundi la watu mia, wote wakitaka kuwa wa kwanza kwenye kona, anahitaji ujuzi wa pili. Huo wa pili ndio uliokosekana, na mashindano kama yale ya Rwanda yamekuwa na faida kubwa kuliko zawadi zake, kwa kuwa yaliuleta ujuzi huo karibu na nyumbani.

Matokeo yalionekana. Katika mwaka wa 2014 Valens Ndayisenga alikuwa Mnyarwanda wa kwanza kushinda mashindano ya nchi yake tangu yalipopata cheo cha kimataifa, akashinda tena mwaka wa 2016. Joseph Areruya alifuata mwaka wa 2017, na Samuel Mugisha mwaka wa 2018. Waeritrea walikuwa wamewatangulia, na mmoja wao, Biniam Girmay, alishinda siku tatu za Tour de France ya mwaka wa 2024 na kuvaa fulana ya kijani mpaka mwisho. Mtu huyo hawezi kuambiwa na yeyote kwamba hajui kukaa ndani ya kundi.

Kenya nayo ina neno lake katika habari hiyo. Katika mashindano ya Rwanda ya mwaka wa 2017, nyuma ya Areruya na Mweritrea Metkel Eyob, aliyeshika nafasi ya tatu alikuwa Suleiman Kangangi, mwenyeji wa Eldoret. Kwa Mkenya, katika nchi ambayo sifa zote za miguu huenda kwa wakimbiaji, hilo lilikuwa jambo kubwa, ingawa halikuandikwa kwa herufi kubwa. Bwana Kangangi aliendelea kupanda katika timu ya Kijerumani, na baadaye akawa kiongozi wa vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda waliokusanywa katika timu iitwayo Amani. Waliomjua walimsifu kwa kuwafundisha wengine kuliko kwa kushinda.

Tarehe 27 Agosti mwaka wa 2022, katika jimbo la Vermont huko Marekani, alikuwa akishindana katika barabara za changarawe zipitazo vilima na misitu ya nchi hiyo. Alianguka akiwa katika mwendo mkali, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Hakuwa mwanagenzi. Alikuwa ameshuka milima ya Rwanda na mabonde ya kwao Elgeyo, ambako barabara ya kutoka Iten hadi chini ya bonde la Kerio yatosha kumfundisha mtu yeyote maana ya breki. Kwa hiyo ni kosa kumtaja kama mfano wa ujinga, na ni kosa vilevile kusema kwamba ujuzi haufai kitu kwa kuwa haukumwokoa. Ujuzi hupunguza hatari, hauiondoi. Katika mashindano makubwa ya dunia kofia ngumu imekuwa lazima tangu mwaka wa 2003, baada ya vifo vilivyotokea, na wapandaji wengine waliipinga amri hiyo kwa sababu ya joto. Leo hakuna aipingaye. Huko vijijini, ambako watu hushuka kwa mwendo uleule wakiwa vichwa wazi, na mtoto amekaa juu ya bomba la mbele, neno hilo halijaanza hata kuzungumzwa.

Baada ya kifo hicho timu yake haikuvunjika. Na mwezi wa Septemba mwaka wa 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabarani yalifanywa Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika tangu kuanzishwa kwake. Siku ya wanaume njia ilikuwa ya kilometa 267, karibu yote kupanda na kushuka. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu kati ya zaidi ya 150 walioanza, na Tadej Pogačar wa Slovenia alikuwa wa kwanza. Watu wa Kigali walipanga mistari kando ya barabara tangu asubuhi, wengine wamepanda juu ya miti.

Nyungwe haikuwamo katika njia ya siku hiyo. Barabara ya msituni huendelea na kazi zake. Wapandaji wa mashindano, siku wanapopita, huiacha miti nyuma yao penye Gisakura, ambapo mashamba ya chai huanza tena, na watu nao huanza tena, na joto hurudi vidoleni kwa maumivu. Kutoka hapo bado kuna vilima vya kupanda na kushuka, kisha ziwa Kivu huonekana chini, na ng'ambo yake Bukavu, mji wa Kongo ambao sokoni mwake Kiswahili husikika kutwa. Motakaa za timu hupita, na askari huondoa vizuizi. Hapo hutokea watu waliokuwa wakingoja kando kwa subira, na baisikeli zao nzito za chuma, zenye magunia ya mkaa na madumu ya maziwa. Huingia barabarani mmoja mmoja, na penye mlima wa kwanza hushuka, wakaanza kusukuma.